Una laki tano: Samsung mpya, Tecno/Infinix mpya au iPhone used? Tulinganishe bila ushabiki

Kila mwisho wa mwezi swali ni lile lile, mtu ana laki tano za Tanzania mkononi, akijibana inafika sita, anauliza achukue simu gani, na kabla hajamaliza kuuliza watu washajaa, wa iPhone anamwambia achana na mchina utajuta, wa Samsung anasema ukitoka Samsung hamna Android nyingine, wa Tecno anauliza kwani hizo zenu zinafika saa ngapi jioni kabla hazijazima, halafu yanaanza matusi na aliyeuliza anaondoka bila jibu. Naandika kwa ajili yake huyo aliyeuliza. Laki tano kwa wengi wetu ni mshahara wa mwezi mzima, na simu yenyewe ndo benki, ndo duka, ndo kamera ya harusi na ya msiba, sasa mtu akimpotosha mwenzake ili tu jina la kampuni anayoipenda lisishuke mi naona si haki kabisa.

Msimamo wangu nausema mapema. Siku ya kwanza dukani simu zote ni nzuri, zinang'aa, zinafungua kila kitu haraka, na muuzaji anakupiga picha moja ya selfi unacheka mwenyewe. Kipimo ni mwaka wa pili na wa tatu: nani bado anailetea apdeti, kioo kikipasuka fundi wa ulipo wewe anacho au hana, betri itakuwa imebaki vipi, na ukitaka kuiuza nani ataitaka. Ukishaanza kuuliza hivyo, zile kelele zote za timu fulani na timu fulani zinapungua sana.

Zile mpya kwanza

Chukua simu tatu zilizotoka karibu wakati mmoja, mwisho wa 2023 kuelekea 2024: Samsung Galaxy A15 ya 4G, Tecno Spark 20 Pro na Infinix Hot 40 Pro. Watu wamegombana mno juu ya hizi tatu, ila ukienda ndani prosesa, yaani ubongo wa simu, ni ile ile moja, MediaTek Helio G99, kwa zote tatu. Kwa hiyo anayekuambia A15 ina spidi ya ajabu kuliko Hot 40 Pro, au Hot 40 Pro inaiacha A15 mbali, huyo anaongea mapenzi, haongei simu. Hela ya kila kampuni ilienda kwingine, na hapo ndo pa kukodolea macho.

Samsung waliweka hela kwenye kioo. Super AMOLED, aina ya kioo ambacho kila kidoti kinajiwashia mwanga wake, nyeusi yake ni nyeusi kweli, ukiwa stendi saa saba mchana jua kali bado unasoma meseji ya muamala bila kuifunika simu na kiganja. Wenzao waliweka IPS, kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma yake, rangi zimepoa kidogo, ila kioo ni kipana, inchi 6.78, na kinaenda 120Hz (kinajichora upya mara 120 kwa sekunde) wakati A15 ni 90Hz, kwa hiyo ukiwa unashuka TikTok kinateleza zaidi. Mi binafsi ningechukua AMOLED ya 90 kuliko IPS ya 120 bila kufikiria mara mbili, maana macho yangu ndo yanaishi na hicho kioo usiku na mchana, ila mtu wa magemu anaweza kunipinga na namuelewa. Na tusiseme mchina hana AMOLED, hiyo imeshapitwa na wakati, Camon 30 ya Tecno inayo na hata Spark 30 Pro inayo.

Kwenye kamera Spark 20 Pro na Hot 40 Pro zimeandikwa megapikseli 108, A15 imeandikwa 50, na hapa wengi wanaingizwa mjini. 108 haimaanishi picha bora mara mbili. Simu inachukua vidoti vingi inaviunganisha kuwa kimoja, picha inayotoka kwa kawaida ni ndogo kuliko hiyo namba, na kinachoamua uzuri ni ukubwa wa sensa, lenzi, na programu inayoichakata picha baada ya kubonyeza. Mchana zote tatu zinatoa picha ya kuposti. Usiku ndani ya ukumbi zote tatu zinahangaika, huo ndo ukweli wa simu za bei hii, na asikudanganye mtu.

Halafu kuna hii ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo programu zilizofunguliwa zinafanyia kazi, naomba uisome taratibu. Kwenye boksi utaona imeandikwa 16GB kwa herufi kubwa. Ukiangalia vizuri ni 8 kujumlisha 8, ile nane ya kwanza ndo RAM yenyewe, ile ya pili inakopwa kutoka kwenye storeji ya simu. Storeji ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo inasaidia programu zisijifunge ukitoka na kurudi, basi, haikufanyi uwe na simu ya 16GB. Samsung nao wana kitu kama hicho wanakiita RAM Plus. Ila nane ya kweli bado ni nane, na hapo Tecno na Infinix wanakupa zaidi kwa hela ile ile, maana A15 ya bei ya chini ina 4GB tu. Hiyo ya 4 iache hata kama imeshushwa bei, kwa matumizi ya sasa hivi WhatsApp ya makundi, Instagram na programu ya benki zikifunguka pamoja itaanza kuganda mapema sana. Kama ni Samsung anzia 6GB.

Betri zote ni 5000mAh. Tecno na Infinix wanakuwekea chaja ya 33W ndani ya boksi, unafungua unachomeka. A15 inakubali 25W lakini chaja hamna, utanunua mwenyewe, kwa hiyo ukilinganisha bei ya rafu jumlisha na chaja ya maana, si ile ya kwenye meza ya barabarani inayowaka moto kama pasi. Kwa mtu anayeishi sehemu umeme unakatika, saa moja umerudi saa mbili umeondoka, zile wati chache zaidi na chaja ambayo tayari unayo ni kitu kikubwa kuliko rangi za AMOLED, nasema hivyo kwa dhati kabisa.

Apdeti, hapa ndo Samsung anapowaacha

A15 ilitoka na Android 14 na ahadi ya kuongezewa Android mpya mara nne na usalama miaka mitano. Mdogo wake A16 wa 2024 akaongezewa, apdeti sita na miaka sita. Kwa simu ya bei hii, hiyo ni ahadi nzito, miaka michache tu nyuma vitu kama hivyo hata simu za mamilioni zilikuwa hazipati. Sasa angalia upande wa pili: Spark 20 Pro na Hot 40 Pro zilitoka na Android 13, wakati Android 14 ilishatoka tangu Oktoba 2023. Yaani ulikuwa unanunua mpya ya boksi ambayo tayari iko nyuma hatua moja. Kuna maendeleo, Infinix Note 40 waliiahidi Android mbili mbele na usalama wa miaka mitatu, na baadhi ya Camon za juu wanaahidi hata tatu, ila kwenye Spark na Hot, ambazo ndo wengi tunazinunua, bado hawajafika alipo Samsung.

Kuna watu wanasema apdeti ni anasa. Kwa upande mmoja wana hoja, simu haizimi kwa sababu haijapata Android mpya, WhatsApp mpaka sasa inakubali Android ya miaka mingi nyuma, Oktoba 2023 walisema iwe Android 5 kwenda juu, kwa hiyo mwenye Android 13 asipate presha. Lakini apdeti za usalama ni habari nyingine. Hela zetu ziko humo, M-Pesa, Airtel Money, Mixx, programu za benki, kitambulisho umekipiga picha, namba ya siri umeiandika kwenye notsi ingawa ulikatazwa. Tundu likigundulika kwenye Android na kampuni yako haileti kiraka, tundu linabaki wazi kwako. Kama simu utaitumia miaka minne, na wengi tunazitumia mpaka zife au tunamwachia mama nyumbani, Samsung kwenye hili anastahili sifa yake.

Na wewe unayesema Tecno ni takataka, nisikilize

Kwanza tuelewane, Tecno, Infinix na itel ni za nyumba moja, Transsion Holdings ya Shenzhen, ilianzishwa 2006 na Zhu Zhaojiang. Kwa hiyo ubishi wa Tecno dhidi ya Infinix unaochukua jioni nzima ni ubishi wa vyumba viwili vya nyumba moja, chagua kwa muundo na bei basi. Hawa watu wameshika takriban nusu ya simu janja zinazouzwa Afrika, na hawakufika hapo kwa bahati.

Walikuja wakaangalia tunaishije. Sisi tuna laini mbili tatu, moja ina kifurushi cha kupiga, nyingine ina bando la usiku, nyingine ndo namba ya muamala ambayo wateja wote wanayo, wakati wengine wanatuuzia simu ya laini moja wao wakaleta ya laini mbili, wakafika hadi nne. Wakaweka betri kubwa. Wakakalia kamera mpaka ngozi nyeusi ikatoka kama ilivyo, maana wote tunazikumbuka zile simu ambazo ukipiga picha jioni unaonekana meno na macho. Redio ya FM wakaiacha, na kuna mzee anasikiliza mechi shambani bila kutumia bando hata MB moja. Wakafungua Carlcare kwa ajili ya matengenezo, ipo tangu 2009. Kiwanda wakaweka Ethiopia toka 2011. Huko ni kumheshimu mteja, na kampuni nyingi kubwa zilichelewa sana kumheshimu mteja wa Afrika, hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu fundi. Nenda Kariakoo pale Aggrey, au Luthuli kama uko Nairobi, ulizia kioo cha Spark, kijana anavuta droo anakutolea bila hata kuinuka. Nenda Kasulu, nenda Songea, nenda Kitale, bado utakipata au utaletewa kesho na basi. Kioo cha Samsung chenye AMOLED halisi bei yake inakaribia kukukatisha tamaa, kwa hiyo fundi anakupa kingine, anakwambia "bosi hiki kopi lakini grade A", unakubali kwa sababu ya hela, kikishabandikwa unakuta rangi zimegeuka zina ubuluu, kimenyanyuka kidogo kwenye ukingo hata kava halikai sawa, juani huoni kitu, na chaji inaisha mapema kuliko zamani. Umeinunua Samsung kwa sababu ya kioo na sasa kioo ndo huna. Mwenye mikono inayoangusha simu alifikirie hili kabla hajanunua, na kama umeshaamua Samsung basi protekta na kava la maana ni siku hiyo hiyo, usitoke nayo dukani uchi.

Udhaifu wao mkubwa kwangu mi si plastiki wala prosesa, ni mavitu wanayokujazia ndani. HiOS ya Tecno na XOS ya Infinix, yaani sura wanayoivalisha Android, zinakuja na programu rundo hujaziomba, vivinjari, maduka ya programu, vijimchezo, na kila moja inataka kukutumia taarifa. Mdogo wangu ana simu, kampuni siitaji, ilifikia hatua akifungua kioo apige simu anakutana kwanza na tangazo la mkopo. Nyingi unaweza kuzizima, ingia setings kwenye programu, zima taarifa moja moja, zile zinazokubali kufutwa futa, jioni moja inatosha na simu inakuwa nyepesi kabisa. Ila mama yangu atajuaje hilo? Na kuna jambo zito zaidi lilitokea, 2020 wachunguzi walikuta simu za Tecno W2 zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika zina virusi ndani vikimwandikisha mteja huduma za kulipia bila yeye kujua, salio linakatika tu. Transsion walisema ni msambazaji mmoja katikati ya mnyororo ndo aliyeviingiza. Sawa, lakini aliyekatwa salio ni yule mwenye kipato kidogo kuliko wote. Kampuni iliyochuma hapa kiasi hiki ina deni la kuwa makini kuliko hivyo. Samsung naye hakuwa msafi kwenye matangazo, alikuwa anayaweka hata ndani ya programu yake ya hali ya hewa, mpaka watu walipopiga kelele na 2021 akatangaza anayatoa.

iPhone used

Hapa naomba utulie, maana ndo sehemu yenye maumivu mengi. Kwa laki tano au sita iPhone mpya hamna. Unaongelea used, XR ya 2018 au 11 ya 2019, zinazotoka Dubai, Uingereza au Marekani.

Mazuri yake ni ya kweli, wasiyadharau. Video. XR inapiga 4K (kali zaidi ya 1080p) fremu 60 kwa sekunde na ina kitulizo cha mtikisiko kwenye lenzi, A15 inaishia 1080p fremu 30 na mkono ukitikisika video nayo inatikisika. Kama kazi yako ni kurekodi, unauza nguo mtandaoni, unapiga maharusi madogo madogo, unafanya TikTok kwa nia ya kuingiza hela, iPhone ya miaka mingi nyuma inaishinda Android mpya ya bei hiyo, na Instagram inaichukua ile video vizuri zaidi. Pili, thamani haishuki kwa kasi, XR unaitumia mwaka unaiuza hela imepungua kidogo, wakati Hot unatoka nayo mlangoni tu imeshapoteza. Tatu, apdeti, XR ilitoka na iOS 12 (iOS ndo mfumo wa iPhone) ikapelekwa mpaka iOS 18, hiyo ni heshima.

Sasa mabaya. iOS 26 ya Septemba 2025 imeziacha nje XR, XS na XS Max, imeanzia iPhone 11. Kwa hiyo XR unayoshawishiwa leo imeshafika mwisho wa safari ya iOS mpya, na 11 ndo ya zamani kuliko zote kwenye orodha ya iOS 26. Wale wa iPhone 6 walishaumia, WhatsApp ya Mei 2025 ilidai iOS 15.1 kwenda juu na 6 haifiki huko, 5s nayo hivyo hivyo. Betri ya XR ni 2942mAh, ya 11 ni 3110, weka pembeni ya 5000 halafu kumbuka hizo ni namba za ilipokuwa mpya, imeshachajiwa miaka na mtu usiyemjua. Storeji ya chini ni 64GB na memori kadi haiingii, makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisani, ya kazini yatakula hiyo 64 mapema. Eafoni za waya za tundu la kawaida haziingii. Laini ya kawaida ni moja, ya pili ni eSIM, laini ya ndani ya simu isiyochomekwa, ila zile za China na Hong Kong zina sehemu ya laini mbili za kawaida, ukiipata hiyo ni afadhali kwetu. Na ukija kupanda zaidi kwenye iPhone 14 ya Marekani, ile haina kabisa tundu la laini, ni eSIM tupu, kuna watu wamefika nyumbani wanatafuta pa kuchomeka laini hawapaoni.

Apple haina duka lake hata moja Afrika nzima, kuna wauzaji walioruhusiwa tu, kwa hiyo tatizo likitokea kwenye used yako ni wewe na fundi. Na Apple wenyewe wamefanya sehemu zitambuane, ukibadilisha betri kwenye XR kwenda juu, au kioo kwenye 11 kwenda juu, kwa kitu kisicho chao simu inakuandikia kabisa kwamba hiki sio halisi. Kwa fundi wetu hiyo ni kero, kwa mnunuzi wa used ni msaada mkubwa, nitarudi hapo.

Halafu ile habari ya meseji za kijani na za bluu, kwamba kwenye iPhone meseji na mwenye iPhone mwenzako zinaonekana za bluu na za mwenye Android za kijani, tuachane nayo. Hiyo ni vita ya Marekani, kule watu wanatumia iMessage, programu ya meseji ya Apple, mpaka serikali yao ikaitaja kwenye kesi waliyoifungua dhidi ya Apple Machi 2024. Sisi ni WhatsApp, rangi ni moja kwa wote. Mtu asinunue simu ya nje ya uwezo wake kwa ugomvi ambao hata haupo mtaani kwake.

Kuhusu kuwapigania hawa matajiri

Mi sichoki kusema hili. 2016 Apple alitoa tundu la eafoni kwenye iPhone 7, Samsung akamcheka, 2019 akalitoa kwenye Note 10, na sasa limeondoka hata kwenye A16. Oktoba 2020 Apple akatoa chaja kwenye boksi la iPhone 12, ukurasa mmoja wa Samsung ukaposti picha ya chaja kumkejeli, Januari 2021 S21 ikaja bila chaja na ile posti ikawa imefutwa. Apple wenyewe Desemba 2017 walikiri walikuwa wanapunguza spidi ya iPhone ambazo betri imechoka bila kuwaambia wenye simu, wakaja kukubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Samsung Note 7 ya 2016 iliwaka moto ikarudishwa yote kiwandani, mashirika ya ndege yakaipiga marufuku. Huawei ilikuwa inapendwa hapa kwetu na kamera yake, Mei 2019 Marekani ikaifungia, simu zake mpya zilizofuata zikakosa huduma za Google, na mashabiki waliokuwa wanaitukania wenzao wakabaki wanatafuta namna ya kuweka YouTube. Hakuna hata moja kati yao iliyokaa ikakuonea huruma wewe. Kwa hiyo penda simu yako, lakini ukimshauri mtu mwambie ukweli.

Ningekushauri hivi

Kama unakaa mjini, simu unataka ikae miaka minne, kazi zako ni za ofisi, benki, WhatsApp, YouTube, na huangushi simu hovyo: Samsung A16 au A15 yenye RAM ya 6 kwenda juu. Hii ndo jibu langu kwa watu wengi wa laki tano, na sababu ni apdeti tu, sio jina.

Unakaa wilayani au kijijini, umeme wa mashaka, laini mbili zinafanya kazi kutwa, fundi aliyepo ni mmoja na duka lake ni dogo, au bodaboda unayetaka kitu cha kukaa na chaji na kubadilisha kioo bila kulia: chukua Tecno au Infinix, tena yenye 8GB ya kweli, na hiyo jioni ya kwanza safisha programu zisizo na kazi. Usione aibu hata kidogo. Mwanafunzi pia namweka hapa, ile tofauti ya bei ni hela ya bando muhula mzima.

Video ndo chakula chako: iPhone 11, sio XR tena, sio kitu cha chini ya hapo. Na uwe na pawabenki. Kama video sio kazi yako na unaitaka kwa sababu ya jina tu, mi ningekuomba kwa heshima zote usubiri, laki tano ni hela nyingi ya kununulia betri iliyochoka.

Ukifika kaunta

Usiende peke yako na usiende jioni duka linafungwa. Kwa simu yoyote bonyeza *#06#, namba za IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, zinatokea, zilingane na za kwenye boksi na za kwenye risiti, zikitofautiana hata tarakimu moja ondoka. Kenya walishazima simu feki 2012, Tanzania wakazima Juni 16, 2016, watu walilala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. Kwa mpya za Samsung na Tecno hakikisha garantii inaanza kuhesabiwa siku hiyo, na usikubali boksi lililofunguliwa ukaambiwa walikuwa wanaijaribu.

iPhone used ina yake. Ingia Settings, General, About, shuka chini. Ukiona pameandikwa "Unknown Part" kwenye betri au kioo ujue imeshafunguliwa, bei ishuke au uache. Asilimia ya betri iangalie lakini usiiamini peke yake, kuna mafundi wanaipandisha ionekane mia, kwa hiyo washa video, kioo mwanga wa mwisho, kaa nayo dakika kumi na tano hapo hapo dukani uone inashuka kiasi gani. Muhimu kupita yote ni iCloud, akaunti ya Apple ambayo simu inafungwa nayo: muuzaji aifute simu yote mbele yako, iwake upya, wewe uweke akaunti yako mwenyewe hapo hapo. Ikiomba neno la siri la mtu mwingine hiyo simu sio yake, iwe bei ya kutupa namna gani, mrudishie.

Na kwa Android used, ulizia kama ilichukuliwa kwa mkopo. Zile simu za kulipia kidogo kidogo zikisimama malipo zinajifunga zenyewe kwa mbali, na aliyekuuzia atakuwa ameshabadilisha namba. Iwashe upya kabisa kwa kuifuta, unganisha intaneti ya simu yako, subiri imalize kujiseti mpaka mwisho, jina la kampuni ya mkopo lisipotokea popote ndo toa hela, udai risiti yenye jina la duka, IMEI na tarehe.